Daftari la Mjomba

Chumba ninachopanga kiko nyuma ya nyumba ya mama mmoja wa miaka sitini na tisa, katika bonde la San Fernando, kaskazini mwa jiji la Los Angeles. Ili nifike chumbani lazima nipite anaposhonea. Siku ya kwanza nilipopita na begi langu nilikuta sanamu tatu za kushonea zimevikwa nguo: ya kwanza koti la askari wa anga za mbali, ya pili suti ya kijivu yenye kofia ya masikio ya popo, ya tatu gauni la binti mmoja wa katuni za Kijapani niliyemfahamu tangu darasa la tano. Nikasimama. Nikalitaja jina la yule binti. Mwenye nyumba akaacha cherehani, akanitazama kwa juu ya miwani, akasema, "Basi wewe na mimi tutaelewana."

Ilichukua wiki tatu kuniambia alikojifunzia kazi ile. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mshonaji wa mavazi ya filamu za ngono.

Nilicheka kabla sijajizuia. Mavazi? Akasema kila mtu hucheka hapo hapo. "Lazima waanze wakiwa wamevaa," akasema, "na nguo lazima ivuliwe bila kukwama. Zipu ikigoma mbele ya kamera, watu kumi na wawili wanalipwa kwa kusimama tu."

Nina miaka ishirini na sita. Nimekuja Marekani kusoma shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu watu wanaolipia kitu ambacho wangeweza kukipata bure. Mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi Tandika, anajua kwamba nasoma "uchumi wa filamu". Si uongo. Lakini kila akiuliza filamu gani, huwa namwambia mtandao unakatika.

Mtu wa kwanza kunifundisha uchumi huo alikuwa Mjomba, mdogo wake Mama. Alikuwa na maktaba ya video Tandika, chumba kimoja chenye mlango wa bati, rafu tatu za DVD na televisheni ndogo iliyowashwa tangu asubuhi hadi usiku. Nikitoka shule nilikaa nyuma ya kaunta na kuandika kwenye daftari: jina la mteja, filamu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, faini. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, na malipo yangu yalikuwa kutazama chochote nilichotaka. Hapo ndipo nilipogeuka kuwa nilivyo. Nilitazama katuni za Kijapani hadi nikakariri nyimbo za kufungulia bila kujua neno moja la Kijapani. Nilijifunga kanga ya Mama shingoni nikaruka ukuta wa jirani. Waingereza na Wamarekani wana neno kwa watu wa aina yetu: magiki. Giki ni mtu aliyezama ndani ya kitu kimoja, iwe katuni, kompyuta au michezo ya video, akazama mpaka wenzake wanamkimbia kwa maswali yake.

Chini ya kaunta kulikuwa na boksi la viatu nililokatazwa kufungua. Wakubwa walioingia na kuuliza kwa sauti ya chini kama "pilau lipo" walipewa kitu kutoka kwenye boksi hilo, kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Kwa muda mrefu niliamini Mjomba anauza pilau kweli, na nilishangaa kwa nini halinukii. Nilipofika darasa la sita nikaelewa. Nikaelewa pia kitu kingine, ambacho sikukipa uzito wakati ule: wateja wa pilau Mjomba hakuwaandika kwenye daftari.

Maktaba ilikufa taratibu. Kwanza zikaja DVD za magendo zenye filamu ishirini ndani ya sahani moja. Kisha zikaja flashi: ukipeleka flashi yako kwenye kibanda chenye kompyuta, unajaziwa filamu kwa bei ya soda. Mjomba akapunguza bei, akaongeza soda na vocha, mwisho akauza rafu zenyewe. Siku ya kufunga alikaa na daftari lile magotini akipitia majina ya waliokuwa hawajarudisha. Alikuwa akicheka kidogo. Nilifikiri anacheka kwa uchungu.

Nilipofika hapa bondeni nikakuta msiba uleule, ila kwa kipimo cha Kimarekani. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya California ilitoa hukumu katika kesi ya mtayarishaji aitwaye Harold Freeman: kumlipa mwigizaji ili afanye ngono mbele ya kamera si ukuwadi. Baada ya hukumu hiyo kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kujificha ikapata makao, na bonde hili, hasa upande wa Chatsworth, likawa mji mkuu wa filamu hizo duniani. Maghala yasiyo na mabango yalijaa taa, vitanda na watu wenye mishahara. Mwenye nyumba wangu aliingia miaka ya tisini kwa sababu studio ya televisheni aliyokuwa akishonea ilipunguza watu, na jirani yake akamwambia kuna mahali wanalipa kwa siku na hawacheleweshi.

Anaihesabu miaka mizuri kwa vitambaa. Kulikuwa na mwaka wa ngozi bandia. Kulikuwa na miaka ya hariri, wakati DVD zilikuwa zinauzwa hata kabla ya filamu kumalizika. Kisha YouTube ikaanza mwaka 2005, na waliotazama teknolojia ile wakaona njia. Mwaka 2006 ikaja YouPorn, mwaka 2007 Pornhub. Mtu yeyote alipakia chochote, na mtazamaji hakulipa kitu. Filamu iliyogharimu wiki nzima ya kazi ilikatwa vipande vya dakika chache, orodha ya majina ikaondolewa, ikawekwa bure. Mwaka 2012 wapigakura wa wilaya ya Los Angeles wakapitisha sheria ya kulazimisha kondomu kwenye upigaji picha, na maombi ya vibali yakaporomoka. Wengine wakahamia Las Vegas, wengine wakaacha. Mwenye nyumba wangu alishona vazi lake la mwisho la filamu mwaka uliofuata. Walimlipa nusu, ile nusu nyingine anaidai mpaka leo.

Nilipompelekea msimamizi wangu pendekezo la tasnifu, niliandika kwa ujasiri wa mtu ambaye hajasoma vya kutosha. Nilisema tasnia hii inayoyumba inaweza kuokolewa na utamaduni wa magiki. Msimamizi akaandika pembeni maswali mawili kwa penseli. La kwanza: *Si magiki ndio walioiua?* La pili: *Na kwa nini iokolewe?*

Swali la kwanza lilinichukua miezi minne.

Kuna picha moja ambayo kila mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta wa kizazi kilichopita aliiona. Mwanamke wa Kiswidi amevaa kofia yenye manyoya, anatazama nyuma kupitia bega lake. Ilitoka kwenye jarida la Playboy la Novemba 1972. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, hapa hapa Los Angeles, walihitaji picha nzuri ya kujaribia hesabu zao, na jarida lile lilikuwa karibu. Wakaikata picha kuanzia mabegani kwenda juu, wakaiingiza kwenye kompyuta. Kwa takriban nusu karne picha ile ilitumika kupima mbinu za kupunguza ukubwa wa picha, mbinu zilezile zilizofanya picha na video ziweze kusafiri mtandaoni. Hakuna aliyemuuliza Lena Forsén, na kwa miaka mingi yeye mwenyewe hakujua kwamba uso wake uko kwenye kompyuta za maabara duniani kote. Hata jina lake walikuwa wakiliandika vibaya. Mwaka 2024 ndipo chama cha kompyuta cha IEEE kilipotangaza kwamba hakitapokea tena makala zinazoitumia.

Nilipoisoma habari hiyo niliona kila kitu kilichofuata kimo ndani yake tayari. Giki wa kwanza, yule wa kuandika programu, alimpenda yule mwanamke kama kipimo. Alimkata, akamnakili, akamsambaza, na alifanya hivyo bila chuki yoyote. Kwake kitu kikishakuwa data, kimeshakuwa cha wote.

Aliyezikusanya tovuti za bure chini ya paa moja alikuwa mtu wa aina hiyo: Fabian Thylmann, mwandika programu wa Kijerumani, aliyezinunua mwaka 2010 na kuziendesha kwa jina la Manwin. Kampuni hiyo ikanunua hata studio, Digital Playground ikiwa mojawapo. Yaani aliyekuwa akitoa maji ya bure sasa akawa mwenye kisima pia. Thylmann alipouza mwaka 2013, wanunuzi wakaibadilisha jina. Wakaiita MindGeek. Nilipomwambia mwenye nyumba wangu kwamba neno giki limo ndani ya jina la kampuni iliyomfilisi, alicheka mpaka akaweka sindano chini. Tangu mwaka 2023 inaitwa Aylo.

Kwa hiyo msimamizi alikuwa sahihi. Lakini niliona pia kwamba kuna giki wa pili, na huyo ndiye niliyemjua mimi, kwa sababu ndiye mimi.

Giki wa pili hupenda kitu mpaka anataka kukimiliki kwa namna yake: akishike, akivae, akipeleke kusainiwa. Ana faili la bure kwenye kompyuta na bado ananunua toleo lenye jalada gumu. Mwaka 1975, mwezi Desemba, vijana wa Tokyo walifanya soko la kwanza la vitabu vya katuni vilivyotengenezwa na mashabiki. Vilikuja vikundi 32 na watu kama 700. Leo soko hilo, Comiket, hufanyika mara mbili kwa mwaka kwenye kumbi za Tokyo Big Sight na kuvuta mamia ya maelfu. Sehemu kubwa ya kinachouzwa pale ni katuni za watu wazima. Watu hupanga foleni kwenye jua la Agosti wakiwa na sarafu zilizohesabiwa, wanamkabidhi mchoraji pesa mkononi, na mchoraji anainama kushukuru. Mengi ya yale yanayouzwa yananakiliwa mtandaoni baada ya siku chache, na foleni bado ipo.

Bonde la San Fernando lilikaribia kulielewa jambo hilo. Mwaka 2010 kampuni ya Vivid ilitoa filamu ya mzaha iliyoongozwa na Axel Braun, ikiiga mfululizo wa televisheni wa Batman wa mwaka 1966. Iliuzwa sana, wakati ambao kila mtu alisema DVD zimekufa. Mwenye nyumba hakuishona ile, lakini alishona zilizofuata mkondo wake, na ananieleza siri yake kama fundi: rangi zilikuwa sahihi. Mashabiki wa Batman walikuwa na njaa ya mfululizo ule, ambao mwenyewe haukutoka rasmi kwenye DVD mpaka mwaka 2014, na walijua kila mshono wa ile suti. "Kwa mara ya kwanza," akasema, "watu waliandika barua kuhusu kazi yangu. Mmoja alilalamika kwamba mkanda uko chini kwa inchi moja. Nilimpenda yule mtu. Alikuwa ametazama."

Lakini jina lake halikuwemo mwishoni mwa filamu. Hakuna aliyemkataza. Yeye ndiye aliyeomba lisiwepo, kwa sababu mtoto wake wa kiume alikuwa sekondari.

Kuna jioni nilimpikia pilau. Nilipata binzari nyembamba na mdalasini kwenye duka la Waajemi lililo mtaa wa pili. Tulipokuwa tunakula nilianza kucheka peke yangu, ikabidi nimweleze maana nyingine ya neno hilo, boksi la viatu, magazeti na ile sauti ya chini ya wateja. Akaniuliza swali la kibiashara tu: "Walikuwa wanarudisha?"

Nikasema sijui. Sikuwahi kuwaandika.

"Basi hawakurudisha," akasema, akaongeza kachumbari.

Nililala nikiwaza hilo. Niliendelea kuliwaza mwaka huu, Julai 2025, yalipotokea ya michezo ya video. Kundi moja la wanaharakati la Australia lilizishinikiza kampuni za malipo kuhusu michezo ya watu wazima. Muda mfupi baadaye Steam ikaondoa baadhi ya michezo, na itch.io, soko la watengenezaji wadogo, likaficha michezo yote ya aina hiyo isipatikane kwa kutafuta. Tasnia ya filamu za ngono ilikuwa imeshapigwa na mkono huohuo. Desemba 2020, baada ya makala ya New York Times kuhusu video za watoto na za watu waliorekodiwa bila ridhaa, Visa na Mastercard zilikata huduma kwa Pornhub, na tovuti ikafuta mamilioni ya video zisizojulikana mpakiaji wake. Agosti 2021 OnlyFans ilitangaza itapiga marufuku ngono ya wazi, ikilaumu mabenki, kisha ndani ya wiki moja ikarudi nyuma.

Tofauti ilikuwa kwa wateja. Mwaka huu wachezaji walipiga simu. Walihimizana, wakaandikiana la kusema, wakasubiri kwenye laini za Visa na Mastercard na kueleza kwa adabu kwamba wao ni watu wazima, wananunua michezo hii kwa pesa zao na wanataka kuendelea. Mmoja wa wanafunzi wenzangu alipiga simu akiwa jikoni kwetu chuoni, spika imefunguliwa, anakula mkate. Alitaja jina lake la kwanza na la ukoo. Nilimtazama kama mtu anayetembea juu ya waya.

Sijawahi kumwona mteja wa filamu za ngono akifanya hivyo. Ni biashara yenye wateja wasiohesabika ambamo hakuna mtu aliyewahi kuwa mteja. Na mtu ambaye hakuwahi kuwa mteja hana deni. Hatamuuliza mwenye duka kama alilipwa, hatajali kipande anachotazama kimeibwa kwa nani, wala kama aliyemo ndani yake alikubali kuwemo. Aibu ninayoilea mimi mwenyewe kila Mama anapopiga simu ndiyo iliyomfilisi mwenye nyumba wangu, pengine kuliko hata ubure.

Hapo nilidhani nimemaliza tasnifu. Magiki wanaweza kuwafundisha wengine kulipa kwa jina. Nikamsomea mwenye nyumba sura hiyo akiwa anatia pindo.

Hakufurahi kama nilivyotarajia. Akanisimulia habari za mwanamke aliyemshonea kwa miaka saba, rafiki yake hadi leo. Studio zilipokufa yule mwanamke akaanza kuuza kazi yake mwenyewe kwa usajili wa kila mwezi. Tovuti inachukua asilimia 20, asilimia 80 ni yake, na filamu ni mali yake, jambo ambalo hakulipata katika kazi yake yote ya zamani. Huvaa mavazi ya wahusika wa michezo ya video, yanayoshonwa kwenye chumba hiki ninachopita kila siku. Ana mashabiki wanaojua kila kitu. Mmoja wao alijua zaidi. Aliitambua miti inayoonekana dirishani, akalinganisha na ramani za picha za mitaa, akaipata nyumba. Alikuja na zawadi. Alisimama kwenye ngazi, kwa heshima, saa mbili usiku, na mtoto ndiye aliyefungua mlango.

"Kwa meli ya angani," mwenye nyumba akasema, "kujua kila kitu ni mapenzi. Mtu si meli."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona mwaka 2014, nikiwa bado sekondari, jinsi wanawake waliotengeneza au kuandika kuhusu michezo ya video walivyofukuzwa kwenye nyumba zao kwa vitisho na watu waliojiita mashabiki. Nilikuwa nimelisahau hilo kwa makusudi, kwa sababu liliharibu hoja yangu. Nililirudisha. Sura ile sasa ni ndefu zaidi na haina uhakika ule. Inasema giki anaweza kusaidia pale anapopenda kazi ya mtu, mshono, taa, mzaha, uigizaji, na ana madhara pale anapodhani malipo ya mwezi yamemnunulia mtu mwenyewe. Inasema pia kwamba usajili wa mwezi umewaokoa baadhi ya walioko mbele ya kamera, na haukuwarudisha waliokuwa nyuma yake: watu wa taa, wa sauti, madereva, wapishi. Mshonaji mmoja ameokoka kwa sababu magiki huvaa nguo. Mtu wa taa aliyekuwa akila naye chakula cha mchana sasa anaendesha gari la kupakia mizigo, na mgongo wake haumruhusu.

Na swali la pili la msimamizi, kwa nini iokolewe? Niliacha kulijibu. Sijui kama tasnia inastahili. Najua inchi moja ya mkanda ilistahili kulipwa, na nusu ya malipo bado inadaiwa.

Oktoba nilimpigia Mjomba. Kwangu ilikuwa saa tatu usiku, kwake saa moja asubuhi, na nilisikia daladala na mtu anauza maandazi. Siku hizi anatengeneza simu. Nilimwamkia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikamwambia yote bila kupumzika: tasnifu inahusu nini, nyumba ninayokaa ni ya nani, na kwamba ninataka kuandika habari za boksi la viatu.

Alinyamaza mpaka nikatazama simu kama haijakatika.

"Ulikuwa unajua?" akauliza.

"Tangu darasa la sita, Mjomba."

"Astaghfirullah." Kisha nikasikia anacheka, kicheko kilekile cha siku ya kufunga. Akasema: "Unajua siku ile nilikuwa natafuta nini kwenye daftari? Hesabu haikuwa inakaa. Filamu za kawaida zilizopotea zote nilikuwa na majina, nilijua nimfuate nani. Nyingine nilifuata, watu wakalipa, hata miaka miwili baadaye. Za kwenye boksi zilipotea zaidi ya nusu, na ndizo nilizokuwa nazinunua ghali. Niliona aibu kumwandika mtu, naye akaona aibu kurudisha. Nilijifilisi kwa adabu, mama."

Nilimwomba ruhusa ya kuandika hayo. Akafikiri. Nyumbani kuchapisha picha hizo mtandaoni ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hata kabla ya hapo boksi lile halikuwa halali, yeye akijua. Na anaswali msikiti mmoja na waliokuwa wakinunua.

"Jina langu usiandike," akasema. "Andika Mjomba. Wao watajijua, na mimi nitajua kwamba wamejijua."

"Na Mama?"

"Huyo ni dada yangu. Ananitisha mimi, sembuse wewe." Akamjibu mteja kuhusu kioo cha simu, kisha akarudi. "Lakini mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa."

Tasnifu yangu imeandikwa kwa Kiingereza, itakaa kwenye maktaba ya chuo, na Mama hataisoma. Ningeweza kuiacha hivyo. Ningerudi na shahada, tukapiga picha na joho, na neno "filamu" likabaki limesimama peke yake bila mwenzake. Wiki iliyopita nilikuwa namsaidia mwenye nyumba kufunga vazi la kutuma. Ndani ya kola, ambapo hakuna atakayeona isipokuwa mvaaji, alikuwa ameshona kitambaa kidogo cheupe chenye jina lake kamili. Nikamuuliza ameanza lini. Akasema tangu mwanaye alipofikisha miaka thelathini, na kwamba alipomwambia mwanaye, alijibiwa, "Mama, nimejua tangu nikiwa na miaka kumi na nne. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Mama, hii nimeiandika kwa Kiswahili, na jina langu nimeliandika kamili. Jumapili nitakupigia, na mtandao hautakatika.